Mlango wa Tatu, Bondeni

Walionitoa mlango wa tatu walikuwa watatu. Wa kwanza ni karani wa unga. Wa pili ni mwenye nyumba. Wa tatu ni mwanamke niliyelala naye chumba kimoja, tumetenganishwa na shuka. Majina yao ninayo yote, hata ya baba zao, na siyaandiki kwa sababu watoto wao tunapishana nao sokoni hapa Nakuru na hawajanikosea kitu. Lakini wao wenyewe, kama kuna aliye hai na akasomewa haya, atajijua bila kuambiwa. Kuna wa nne pia. Huyo ni mimi, na nitamfikia.

Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya ngumbaru, nikikaa dawati moja na wanawake wenye wajukuu. Siku mwalimu alipotufundisha kuandika barua, alisema barua huanza na anwani, juu, upande wa kulia. Wenzangu wakaandika. Mimi nilishika kalamu mpaka muda ukaisha. Mwalimu alifikiri sikuelewa, akainama akaniambia pole pole, "Mama, andika tu mahali unapokaa." Ni hayo hayo niliyotakiwa kusema miaka ile, na sikuyasema.

Nilizaliwa upande wa Subukia, kwenye shamba la mzungu ambaye sisi tulimwita kwa jina la kupanga na yeye hakulijua mpaka anaondoka. Baba alikuwa mkamaji. Mama alichuma kahawa. Tulikuwa na kibanda, na mahali pa kulima mahindi, na mbuzi ambao kila mwaka iliamriwa wapunguzwe. Sikuwahi kulala mahali pengine mpaka nilipoolewa. Lakini baba hakukubali kabisa tuseme kwetu ni pale. Jioni tukiota moto alituuliza mmoja mmoja, kama mtu anayefundisha katekisimu: "Kwenu ni wapi?" Na sisi tulitakiwa tutaje kilima cha baba yake, ng'ambo ya milima, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepaona. Ndugu yangu siku moja alijibu, "Kwetu ni kwa mzungu," na siku hiyo hakupewa chakula.

"Huyu mzungu akiamka vibaya kesho, sisi tunakuwa watu wa wapi?" baba alimwambia. "Ukiulizwa kwenu, taja kule. Hapa tunakaa tu."

Kwa hivyo nilikua nikijua kwamba kukaa ni neno moja na kwetu ni lingine. Unakaa mahali mkeka wako ulipo. Kwenu ni mahali mifupa ya babu yako ilipo. Mtu aliyeulizwa kwao akataja chumba anacholala, tulimwona kama mtu aliyeokotwa barabarani, hana baba. Ilikuwa adabu kujibu vile. Nilifunzwa adabu hiyo kwa njaa ya ndugu yangu, na haikunitoka.

Niliolewa na mtu wa shamba la jirani, na tukashuka Nakuru kwa sababu alipata kazi ya kubeba magunia ya pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akitoka kazini hakuingia ndani moja kwa moja. Alisimama mlangoni akavua koti, akalikung'uta lile vumbi la pareto upande wa upepo, kwa sababu lilinichoma macho. Halafu akalitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe ukutani, nyuma ya mlango. Hata leo nikisikia harufu ya pareto nageuka.

Tulikaa Bondeni. Nyumba ilikuwa moja ndefu ya udongo, bati lake ni madebe yaliyokunjuliwa, milango imepangana ikitazama ua. Haikuwa na namba. Tulihesabu milango kutoka upande wa bomba la maji, na wetu ulikuwa wa tatu. Chumba chenyewe hakikuwa chetu peke yetu. Upande wa pili wa shuka kulikuwa na mwanamke wa huko magharibi na watoto wake watatu. Bwana yake alitia makaa kwenye gari la moshi na alikuja mara moja moja, mweusi kwa masizi, akalala siku nzima akaenda. Mwanamke huyo alikuwa na mwili mkubwa na kicheko kikubwa. Tulipika kwa jiko moja. Alinifundisha kupika samaki mkavu, ambaye kwetu tulimwona kama nyoka, na mimi nikamfundisha kuponda mahindi na maharagwe na majani ya malenge. Tuliitana mwenzangu. Sikumwita mtu mwingine yeyote hivyo Nakuru nzima.

Ikaja ile hali ya hatari, na watu wa kabila letu wakaanza kuondolewa. Asubuhi moja askari waliuzunguka ua kabla hatujawasha moto. Wanaume waliketishwa chini, mikono kichwani, na lori likarudi kinyumenyume mpaka kwenye bomba. Bwana yangu alipopita karibu nami alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka sasa.

"Usihame. Popote wanaponipeleka, nikiachwa nitakuja mlango huu. Ukihama nitakutafutia wapi?"

"Sihami," nikamwambia.

Alipanda na koti lake. Kipande chake, ile karatasi ya kazi ambayo kila mwanamume wetu alilazimishwa kubeba, kilikuwa mfukoni mwa shati. Ndani ya kipande hicho ndimo mlimoandikwa kwamba anafanya kazi Nakuru na anakaa lokesheni, mitaa ya Waafrika kama Bondeni yetu. Wanawake sisi hatukuwa na kipande. Kwa hivyo lori lilipoondoka liliondoka na bwana yangu na karatasi ya pekee duniani iliyosema mimi ninakaa wapi. Siku ile sikujua. Nilifikiri nimebaki na mlango, na mlango unatosha.

Kwa miezi michache niliishi kwa kufagia. Niliufagia ua wa mwenye nyumba, nikamtekea maji na kufua nguo za mke wake, na yeye akaniacha nikae. Chakula nilikifagia stesheni, mahindi yanayomwagika magunia yakipakiwa. Tulikuwa wengi, tukiokota na kupepeta vumbi. Halafu stesheni ikatiwa askari, na watu wa kabila letu tukakatazwa kusogea. Mwenzangu alinigawia uji. Lakini nilikuwa naona anavyouongeza maji, na watoto wake nao walikuwa wanaona.

Hapo ndipo tukasikia habari ya unga. Ukumbi mmoja karibu na soko ulifunguliwa kila Jumanne, na wanawake ambao mabwana wao hawako waliambiwa waje, kila mmoja na mfuko wake. Unga wa kula wiki moja. Nilifanya hesabu yangu pale pale kichwani: nikipata unga huu, sihami. Nikiukosa, mwenzangu atachoka na mimi, na ana haki ya kuchoka, na nitaondoka mlango wa tatu, na bwana yangu atarudi akute ukuta. Sikuutaka unga kwa sababu ya tumbo peke yake. Tumbo lingevumilia.

Jumanne nilifika mapema. Mstari ulikuwa umeshapita pembe ya ukumbi. Mbele yangu walikuwako mama wawili wenye maneno.

"Wanauliza unakaa wapi kabla ya kukupimia," mmoja akasema.

"Wanatakia nini?"

"Wanataka kujua unga utalala wapi."

"Kwangu haulali. Ukiingia asubuhi, adhuhuri ni sufuria tupu."

Tukacheka sote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu lori.

Karani alikaa nyuma ya meza, kalamu sikioni, kitabu kikubwa mbele yake. Alilamba kidole kabla ya kufungua kila ukurasa. Na nataka ijulikane kwamba alikuwa mtu wa kabila letu. Aliniuliza kwa Kiswahili, kwa sababu ya ofisi, lakini maziwa aliyonyonya ni yale niliyonyonya mimi.

"Bwana yako yuko wapi?"

"Alichukuliwa."

"Na nani?"

"Na serikali."

"Basi serikali inajua alipo. Wewe kwenu ni wapi?"

Nikataja kilima cha baba. Nilikitaja kwa sauti, jina lote, na mto ulio chini yake, kama tulivyofunzwa. Hata nilijisikia nimenyooka kidogo mbele ya wale watu, kwamba sikuokotwa. Huyo mwanamke aliyenyooka ndiye wa nne.

Akaandika. Niliona kalamu ikienda, na nikafungua mfuko wangu.

"Funga mfuko," akasema. "Huu ni unga wa wanaokaa lokesheni. Wewe umesema mwenyewe kwenu ni huko. Wa huko wanagawiwa huko."

"Kwetu ni huko, karani. Lakini ninakaa Bondeni. Mlango wa tatu kutoka bomba."

"Nimeuliza, umejibu. Kitabu hiki hakifutwi."

"Huko sijawahi kufika hata siku moja."

"Basi utafurahi kupaona."

Mstari ukacheka. Wale wale wawili nao walicheka. Wao siwahesabu, walikuwa wanangoja zamu yao. Lakini karani ninamhesabu wa kwanza, kwa sababu alijua. Angeweza kuuliza, unakaa wapi. Ni maneno mawili tu. Aliuliza lile neno ambalo mtu wetu akiulizwa anakuwa na jibu moja, jibu alilopewa na baba yake, na alijua nitalitoa kabla sijalitoa. Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, nikipika, nikipalilia, na kila mara nafika pale pale. Alijua.

Nikaendelea kusimama. Wanawake wa nyuma wakaanza kunisukuma. Mwishowe akasema, bila kuniangalia, "Ukitaka niandike vingine, leta barua ya mwenye nyumba kwamba unakaa kwake. Na shahidi wa karibu. Alhamisi nitakuja mwenyewe nione."

Mwenye nyumba alikaa mlango wa kwanza. Siku nzima alikuwa kwenye kiti nje, akitazama nani anaingia na nani anatoka. Alijua kuandika, alikuwa na miwani na kalamu ya wino. Nilimkuta amekaa hapo hapo, nikapiga magoti kidogo, kama tulivyozoea kumsalimia.

"Mzee, nisaidie barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kusema ninakaa hapa."

"Kwani hukai hapa?"

"Ninakaa, mzee."

"Na mimi ninajua unakaa?"

"Unajua. Asubuhi nimekutekea maji."

"Basi tunajua sote wawili. Wa tatu anatakia nini?"

Nikamweleza habari ya karani. Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Ndipo akanieleza yaliyo kweli. Ile nyumba iliandikwa kwa baraza la mji kuwa ni ya watu kadha wa kadha, na sisi ndani tulikuwa mara mbili ya hao. Akiandika barua moja kwamba fulani anakaa, wataanza kuuliza na wengine ni akina nani.

"Nikikuandikia wewe barua, nimejiandikia mashtaka," akasema. "Mwache karani aje. Ana macho. Akikuona umekaa, hiyo si barua?"

Nikaona maneno yake yana akili. Nilirudi nikamwambia mwenzangu, na yeye akasema, "Wacha aje. Mimi nitakuwa shahidi wako. Nitamwambia hata unavyokoroma." Tukacheka na hilo.

Alhamisi asubuhi nilikifagia chumba mpaka pembeni. Nilimwaga maji kidogo vumbi litulie. Nilitaka karani akute mahali pa mtu safi. Halafu nikatoka nikasimama kwenye bomba, macho njiani na mgongo kwa milango, ili nimwone anapokuja, nimwongoze, maana ni mimi niliyemwita.

Nilipokuwa pale, mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango. Haya niliyajua baadaye. Aliingia wa tatu akamwambia mwenzangu, "Karani anakuja kuhesabu vichwa. Akikuta zaidi ya wanne humu, mnatoka nyote." Wanne ni yeye na watoto wake. Wa tano ni mimi. Mwenye nyumba mwenyewe akaishusha shuka, akakunja mkeka wangu, akachukua sufuria yangu na fimbo ya kupondea, akaenda akavitia nyuma ya banda la kuku, chini ya magunia. Mzee wa kuinuliwa kwenye kiti na mke wake kila siku, siku ile alipata nguvu za kubeba.

Karani alikuja na askari mmoja. Nikawaongoza. Nilipofungua mlango nilifikiri nimekosea hesabu. Upande wangu ulikuwa sakafu tupu, na kwa kuwa nilikuwa nimeifagia mwenyewe, hapakuwa na hata unyasi wa kusema mtu alilala pale.

"Nionyeshe kitu chako humu," karani akasema.

Nikatazama huku na huku. Nikaona msumari nyuma ya mlango.

"Ule msumari. Aliupigilia bwana yangu."

Askari akacheka. Karani hakucheka. "Msumari hauna jina," akasema.

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Karani akamgeukia. "Wewe mama, huyu anakaa hapa na wewe?"

Hakuniangalia. Alikuwa anatazama kichwa cha mtoto, anakitoa kitu kwenye nywele, na kitu chenyewe hakikuwapo.

"Huja kuteka maji," akasema. "Mimi simjui."

Nilitaja jina lake. Nilimwita mwenzangu. Akaendelea na nywele.

Karani akafungua kitabu juu ya paja, akaandika, akatoa kisanduku cha wino. "Tia kidole hapa. Hapa pameandikwa humjui huyu na hajawahi kukaa kwako. Ikionekana siku nyingine kwamba unamjua, utaulizwa wewe." Akatia. Halafu akafuta kidole kwenye gauni, na alama ikabaki pale nyongani, ya bluu.

Mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti chake. Tulipopita aliwaamkia wale watu wa ofisi vizuri sana.

Siku mbili nilizongoja lori la kunipeleka kilimani kwa baba nilikaa kwenye baraza la soko, kwa sababu mwenye nyumba alisema mtu asiyekaa kwake asionekane uani kwake. Siku ya pili mwenzangu alikuja mpaka ng'ambo ya njia na sufuria yangu. Aliiweka chini, akaondoka. Ndani kulikuwa na samaki mkavu na ugali kidogo, umefunikwa kwa jani. Nilikula. Wakati mwingine nimetamani kuwaambia watu kwamba niliumwaga, lakini nilikula, na nikailamba sufuria.

Nilipewa pasi ya kusafiria. Karani huyo huyo aliijaza. Ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwangu yenye jina langu, na penye makao palikuwa kilima cha baba, kimeandikwa vizuri, herufi zote.

Nilifika huko ng'ambo ya milima. Wazee wachache walimkumbuka babu, lakini penye shamba lake palikuwa na watu wengine wenye ndizi zilizokomaa. Nilikwenda kwa mkubwa wa pale, ambaye naye alikuwa na kitabu cha unga, nikampa pasi.

"Umetoka wapi?"

"Nakuru."

"Basi wewe ni mtu wa Nakuru."

"Karatasi inasema kwetu ni hapa."

"Karatasi inasema unakokwenda," akasema. "Haisemi tunakujua."

Sitaandika mengi juu ya miaka hiyo. Kwa amri ya serikali tulichimba handaki la kuzunguka kijiji, tulilinda, tulihesabiwa. Nilikula kwa kuwachimbia wenzangu wagonjwa sehemu yao. Nililala pembeni mwa nyumba za watu waliokuwa na wajomba na mashangazi, na jioni walipokuwa wakiitana kwa majina ya ukoo mimi nilikuwa nahesabu milango kutoka bomba. Moja, wa mwenye nyumba. Mbili, wa mshona viatu. Tatu. Nilikuwa nikijiambia pengine leo bwana yangu amefika, na leo amefika, na mwenzangu amemwambia nilikopelekwa. Nilikuwa namkasirikia yule mwanamke kuliko wote, na bado matumaini yangu yote yalikuwa kwake. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Pasi zilipolegezwa, miaka ya hamsini ikielekea kwisha, nilirudi. Kwa lori moja na jingine, mpaka nikaanza kuona vumbi jeupe la ziwa likipanda. Sikutafuta kazi wala mahali pa kulala. Nilikwenda Bondeni, nikaanzia kwenye bomba. Mwenye nyumba alikuwa amekufa na kiti chake kilikaliwa na mke wake. Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Mwanamke aliyeinuka kutoka kwenye jiko alikuwa yeye, lakini ule mwili mkubwa ulikuwa umekwisha.

Hatukusalimiana. Akasema, "Alikuja."

Nikashika kizingiti.

"Mwaka juzi, wakati wa kupanda. Amekonda. Alisimama hapo hapo ulipo. Akauliza, mke wangu yuko?"

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia simjui."

Nyuma yake maji ya ugali yalikuwa yanachemka na hakuyaangalia.

"Ulimjua uso wake," nikasema. "Ulikuwa unamfulia shati pamoja na la bwana yako."

"Nilimjua. Lakini mwenzangu, nilikuwa nimetia kidole. Nilifikiri wamemtuma. Nilifikiri karani amemwachilia akamwambia, nenda pale, mwulize yule mama, tuone atasema nini safari hii." Alikuwa anakisugua kile kidole kwenye gauni, na sidhani alijua anakisugua. "Watu walikuwa wanatumwa hivyo. Hata wewe unajua."

Najua. Walikuwa wanatumwa. Ndiyo sababu sijui hasira yangu niiweke wapi, na kwa hivyo nimeiacha kwake.

"Halafu?"

"Aliomba aingie. Aliutazama ule msumari. Akatundika koti lake, akasimama akiliangalia, akalitungua tena. Nikampa maji. Akaniambia nikimwona mwanamke wa namna yako, nimwambie yuko Sachangwan, kwenye kupasua mbao. Na mimi sijakuona mpaka leo."

Nilipanda na lori la mbao siku iliyofuata. Sachangwan kulikuwa na ukungu, baridi ya kuingia kwenye meno, na harufu ya utomvu. Niliuliza wanakokaa wapasuaji nikaonyeshwa safu ya vibanda vya mabanzi. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani, kwenye msumari nyuma ya mlango, kulikuwa na koti. Kiwiko chake kilikuwa na kiraka, na kiraka kimeshonwa kwa uzi wa gunia, mishono mikubwa mikubwa kwa sababu sindano niliyokuwa nayo ilikuwa ya magunia. Nilikishona mwenyewe, Bondeni, mwaka kabla ya lori.

Mwanamke aliyetoka alikuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa na umri kama wangu nilipochukuliwa.

"Karibu mama. Umepotea?"

"Napita tu. Nilisikia kuna kazi ya kupikia wapasuaji."

"Wako msituni mpaka jioni, hata bwana yangu. Ingia uote moto, umelowa."

Niliingia. Alinipa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akanipa na kiti, yeye akakaa kwenye gogo. Alikuwa na adabu. Aliningoja ninywe nusu ndipo akauliza, kama anavyouliza mtu wetu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Na kwenu ni wapi, mama?"

Kilima cha baba kilipanda mpaka kwenye meno. Nilikisikia kabisa, jina lote na mto ulio chini yake. Nikakimeza na chai.

"Nakuru," nikasema. "Bondeni. Mlango wa tatu kutoka bomba."

Akatabasamu. "Hata yeye alikaa Bondeni zamani. Atafurahi kusikia. Nimwambie ni nani alipita?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Bondeni, mlango wa tatu," akarudia, ili asisahau.

"Kutoka bomba."

"Kutoka bomba."

Nilimrudishia kikombe, nikashuka barabarani kabla ya watu wa msituni kurudi.

Nakuru nilipata kazi ya kufua, na mahali pa kulala mtaa wa nyuma ya Bondeni. Lakini maji niliteka bomba lile lile, ingawa kulikuwa na jingine karibu zaidi. Mwenzangu alikuwa akitoka asubuhi na debe lake, na mimi nikifika na langu. Hatukuongea. Mwaka huo wote, na uliofuata, akiniona tu natokea kwenye pembe, kabla sijafika, kabla sijauliza kama amekuja, alitikisa kichwa.